Herufi Tatu za Kwenye Kopo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mwili bado unanisisimka kwa hofu, na uzee wangu wote huu.

Nimekutazama hapo ukibonyeza simu, ukitafuta neno la Kiingereza la herufi tano lenye herufi hii na ile. Ukikosa unacheka, unaanza upya. Cheza tu, sikukatazi. Mimi bibi yako mchezo huo niliucheza kabla mama yako hajazaliwa, ila sisi tulicheza kwa chaki. Mwalimu Haule aliandika herufi ubaoni, akataja urefu wa neno, na kabla hajashusha chaki mkono wangu ulishakuwa juu. Mtaani kwetu hapa Songea wakaniita Kamusi. Nikavimba kichwa, nisikudanganye.

Nilipomaliza kidato cha nne nikawa msomaji wa mtaa. Barua, vyeti, maboksi ya dawa, chochote chenye Kiingereza kililetwa kwangu. Jumamosi moja akaja Mama Agatha, mjane wa kule Madaba, ndugu wa mbali wa mama yangu. Alibeba kopo la dawa ya unga alilolikuta stoo, mali ya marehemu mumewe. Alikuwa amepukuchua mahindi yake, magunia sita, chakula chake na wanawe wanne cha mwaka mzima, na dumuzi walishaanza kuyatoboa.

"Nisomee, mwanangu," akasema. "Hii ndiyo ya kuhifadhia mahindi?"

Karatasi ya kopo ilikuwa imeliwa na mchwa. Zilibaki herufi tatu kubwa, G, R na A, halafu pengo. Nikalipima pengo kwa ukucha, nikaona linatosha herufi mbili. Basi neno ni la herufi tano. Nyumba nzima ilikuwa imenizunguka, inasubiri Kamusi aseme. Nikasema, "Grain. Maana yake nafaka. Ndiyo yenyewe, mama." Sikuchukua hata muda wa kumeza mate. Akanishukuru sana, akaondoka na lori la mchana.

Kesho yake baada ya misa nikamwona Mwalimu Haule, nikamkimbilia, nikampa shikamoo na kumsimulia yote. Nilitaka anisifu. Akaniuliza kwa upole, "Maneno mengine yanayoingia hapo uliyatafuta?"

Nikaanza kuyatafuta kichwani palepale, naye akaendelea.

"Grass, je? Majani. Ziko dawa za kuulia majani shambani, binti. Hizo hazitiwi kwenye chakula."

Mwanangu, niligeuka palepale nje ya kanisa nikakimbilia barabarani. Sikumuaga mama. Nilidandia lori la kwanza lililoelekea Njombe, nikakaa juu ya magunia ya watu, jua linawaka. Simu wakati huo hatukuwa nazo, nani ningempigia? Kila lori lilipopunguza mwendo mlimani nilitaka kushuka nikimbie kwa miguu. Nilianza Salamu Maria nikaikatisha katikati, nikaanza tena, nikaikatisha tena. Nilikuwa nawaona wale watoto wanne tu, wamelala kwenye mkeka, hawaamki.

Nilipofika kwa Mama Agatha, watoto walikuwa wamekaa chini wanakula ugali. Yule mdogo alikuwa anapeleka tonge mdomoni. Nikaupiga mkono wake, tonge likaruka, naye akaangua kilio. Mama yake akatoka jikoni mbio akidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia kilichonileta, maneno yakitoka nusu nusu.

Alishika mlango kwanza. Kisha akasema, "Huu ni unga wa wiki iliyopita. Mahindi nimeyatia dawa jana jioni, yote. Kesho ndiyo nilikuwa napeleka debe mashineni."

Kesho, mwanangu. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kuliko yule mtoto.

Tukamwita bwana shamba wa pale. Akaligeuza kopo, akalinusa, akamwaga dawa kidogo kwenye karatasi akaitazama. Majirani walikuwa wamejaa uani. Akasema, "Sijui ni dawa gani. Na kwa kuwa sijui, mahindi haya yasiliwe." Alisema hivyo mbele ya watu wote, msomi mzima, wala hakuona haya.

Tulichimba shimo tukayafukia magunia yote sita. Mama Agatha hakunitukana. Tulipomwaga gunia la mwisho ndipo akaniambia, "Ungesema tu hujui, Kamusi, ningemuuliza mwingine." Mwaka ule walikula mihogo mpaka mavuno. Nyumbani tulijinyima tukawapelekea debe moja moja tulipoweza, na kila nilipofika yule mdogo alikuwa anajificha nyuma ya mama yake, ananiogopa.

Na mpaka leo sijajua kopo lile lilikuwa na nini. Pengine nilipatia, tukafukia chakula kizuri cha mjane kwa mikono yetu. Pengine nilikosea, na siku moja tu ndiyo iliyowaokoa watoto wale. Mwalimu hakujua, bwana shamba hakujua, mimi ndiye peke yangu niliyejifanya najua. Swali hilo nimezeeka nalo, na hakuna wa kunijibu.

Basi nisikilize. Kubahatisha kwenye mchezo hakuna ubaya. Lakini mtu akikuletea jambo la chakula chake, dawa yake au mtoto wake, usimpe jibu kwa sababu tu linaingia vizuri mahali pake. Tafuta na yale mengine yanayoweza kuingia. Ukiwa huna hakika sema sijui, useme mapema, kabla mtu hajapanda lori kurudi kwake. Utaona aibu kidogo, itapita. Yangu haijapita.

Mungu akulinde, mwanangu. Akufungulie masomo yako, akupe maisha marefu na watu wa kukuamini, na asikuache hata siku moja upande gari na hofu niliyopanda nayo mimi.