Fundi wa Sinema Anayeogopa Kicheko

Saa nane mchana, Jumapili. Ukumbi wa sinema wa Svendborg umejaa wazee, keki na harufu ya kahawa. Juu, katika chumba cha mashine, Gudrun Tofte ananusa mkanda wa filamu. Uso umemkunjamana. Mkanda unanuka siki.

"Ukinuka hivi ujue unaoza," anasema. "Na mwingine sijauona popote."

Ni kichekesho cha mwaka 1951: mwokaji mikate anamficha bata bukini asichinjwe Krismasi. Upuuzi mtupu! Hata hapa Denmark wanaokikumbuka ni wachache. Lakini hao wachache hawaambiliki.

Gudrun, 62, ameonyesha filamu za aina hii tangu usichana wake. Kazi yenyewe ni ya masikio: mkanda ukikaribia kukatika, mlio wa mashine hubadilika, naye huizima upesi. Shida ni watazamaji.

"Wakicheka sana sisikii kitu. Najikuta naomba wasicheke. Fundi gani wa vichekesho anaomba hivyo, jamani?"

Leo wamezidi. Bata anaingia kanisani, ukumbi unalipuka kwa kicheko, na Gudrun anabandika kiganja kwenye mashine, walau ahisi asichokisikia. Mashine inashtuka kidogo. Anazima.

Giza.

"Gudrun we! Umelala huko juu?"

"Washa, mama, bata anatungoja!"

Anashuka kuwaeleza kwamba sehemu ya mwisho haionyeshwi. Mkanda utapelekwa Copenhagen ukanakiliwe, na nakala itarudi mwezi wa nne. Wananung'unika, wanamalizia kahawa, wanavaa makoti.

Villads, mzee wa miaka 84, habanduki kitini. Filamu hii aliiona mara moja tu, utotoni, amekaa na mama yake. Mwisho wake ameusahau.

"Huyo bata wanamla au hawamli, binti? Niambie tu."

"Njoo uone mwenyewe, mzee wangu. Nikikuambia hutacheka."

"Mwezi wa nne ni mbali kwangu."

Maneno hayo yamemkosesha Gudrun raha. Angemwonyesha siku ile, na mkanda ukachanika, wangekosa wote. Sasa ana mpango mmoja: nakala ikifika, Villads akae safu ya mbele, na acheke atakavyo.

Tangu Jumapili ile, akienda kazini huzungusha baiskeli yake kupitia mtaa wa mzee huyo, atazame kama pazia limefunguliwa.

"Leo lilikuwa wazi," anasema. "Kesho nitapita tena."