Mwaka Nilioambiwa Sijakua

Januari mwaka huu mama mdogo alinituma nimpeleke mwanawe kuandikishwa darasa la kwanza, shule ya karibu na kwetu hapa Nyasura. Mwalimu akapokea cheti cha kuzaliwa, akakitazama, akaandika jina, akasema, "Haya, Jumatatu aje na ufagio." Basi. Nikabaki nimesimama pale mezani. "Kuna lingine, dada?" Nikasema hapana mwalimu, halafu nikamwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza naingia. Mtoto ananivuta sketi tuondoke, na mimi bado nasubiri aambiwe ashike sikio.

Sijui kama na wewe ulipimwa hivyo. Kijijini kwetu, upande wa Butiama, mtoto asiye na cheti wala kadi ya kliniki alipimwa kwa mwili wake mwenyewe. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, unashika sikio la kushoto. Vidole vikifika, umekua, utaandikwa. Visipofika, rudi nyumbani ukale ugali.

Nilikuwa naishi na bibi mzaa mama. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, kadi yangu ikapotea katika hamahama ya msiba, na baba alikuwa ameshaanza mji mwingine. Kabla ya hapo, nikiwa natambaa, niliangukia mafiga yenye moto. Mkono wa kulia ulipona umejikunja. Kiwiko hakinyooki, na ngozi ya kwapani imevutana kama nguo iliyoshonwa na mtu mwenye haraka. Mimi sikuuona kama ugonjwa. Ulikuwa mkono wangu, ndivyo ulivyokuwaga.

Siku ya kwanza ya kupimwa tulipangwa kwenye baraza ya shule. Mbele yangu alikuwa mtoto wa jirani, rafiki yangu, mdogo kwangu kwa mvua nzima. Akashika sikio lake, akacheka, akaandikwa. Mimi nikainua mkono wa kulia, ukafika usawa wa shavu, ukagoma. Mwalimu hakunitazama hata usoni. Foleni ilikuwa ndefu.

"Bado. Mwakani. Anayefuata!"

Mama jirani akapiga makofi. "Eh, bibi yake huyu anakunywaga maziwa yote peke yake! Ona mtoto hakui!"

Watu wakacheka, bibi naye akacheka, akanishika bega tukaondoka.

Sasa nataka kukwambia jambo ambalo nimeliandika kwenye daftari mara nyingi nikalifuta. Niliamini. Sikuwaza kwamba mkono ndio umekunjika. Niliwaza kwamba mimi ndiye sijakua. Nikaanza kuishi hivyo. Nikawa nacheza na watoto wa miaka minne. Wageni wakija najificha nyuma ya kihenge, maana mtoto mdogo haamkii vizuri. Bibi akinituma kwa jirani nasema mimi siwezi, nitapotea, na jirani mwenyewe tunamwona kutoka mlangoni. Asubuhi wenzangu walipita na fagio na vidumu vya maji, rafiki yangu ananipungia mkono, mimi nainama kama natafuta kitu chini. Baada ya miezi michache akaacha kunipungia. Simlaumu. Ukimpungia mtu asiyekutazama, utachoka.

Kwa siri nilikuwa naning'inia kwenye boriti ya zizi la ndama, mkono wa kulia umeshika, ili urefuke. Ngozi ikapasuka, nikaificha damu kwa majivu.

Mtama ulipoanza kukomaa, nikapewa kazi ya kuamia ndege. Nakaa juu ya jiwe kubwa katikati ya shamba, na debe bovu, na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye jani. Upepo ukitoka upande wa shule natega masikio: darasa zima linaimba hesabu, moja na moja mbili. Na mimi naimba, halafu napiga debe, ndege wanaruka, wanatua tena kule nilikotoka kuwafukuza. Siku nzima hakuna anayekusemesha. Jioni nilikuwa naona sauti yangu imekuwa ngeni.

Ndipo siku moja chungu akaniuma kwenye sikio la kulia. Nikajikuna. Nikaendelea kujikuna, macho yakiwa kwa ndege, halafu nikaganda.

Mkono wangu wa kulia haufiki hata kwenye sikio la upande wake. Siku zote hilo sikio nalikuna kwa mkono wa kushoto. Unapita juu ya kichwa, katikati.

Nilishusha mkono, nikaurudisha. Ukashika. Nikashuka jiweni, nikageukia upande mwingine, nikajaribu tena. Ukashika sikio lote, mpaka kwenye mfupa. Sikupiga kelele. Nilikaa chini na ndege wakala mtama wa bibi vizuri kabisa.

Utaniuliza kwa nini watu wazima wote hawakuona. Nami nakuuliza, kwenu mkono wa kushoto unamwonyesha mkubwa? Bibi alinifundisha kupokea kwa kulia hata kama vidole vinafika nusu na bakuli linayumba. Nikijisahau nikapokea kwa kushoto, alinipiga kidogo kwenye kiganja. "Huo wa kwako, usiuweke mbele za watu." Huo ndio uliochota maji, uliochuma pamba, uliopiga debe. Ila haukuwa wa kuonyeshwa. Hata mimi sikumwambia bibi nilichokigundua. Miezi yote iliyobaki nilikuwa naenda nyuma ya jiwe, nashika sikio, narudi.

Januari ikafika. Baraza ile ile, mwalimu yule yule, watoto wafupi kuliko mimi. Bibi alikuwa na homa, nikaletwa na mama jirani. Nilikuwa nimejipanga vizuri kichwani, lakini alipoita "Haya, sikio," woga ukanishinda. Nikainua wa kulia. Ukagoma shavuni.

"Bado. Anaye..."

"Mwalimu, nina mwingine."

Ilinitoka. Sijawahi kujua ilitoka wapi.

"Mwingine nini?"

"Mkono."

Baraza nzima ikacheka. Mama jirani akasema, "Jamani! Kumbe alikuwaga ameuacha nyumbani!" Nilitamani sakafu inimeze, lakini mkono ulikuwa umeshapanda. Ukapita juu ya kichwa, ukashika sikio la kulia. Nikalishika kwa nguvu, utadhani mtu anataka kuninyang'anya.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akautazama mkono wa kushoto, kisha ule wa kulia, kisha mimi. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza kuniona.

"Mwaka jana huu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nao, mwalimu."

Hakucheka. Aliandika jina langu taratibu sana.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Bibi hakupiga vigelegele. Akaniuliza nimeshikaje, nikamwonyesha. Akatazama viganja vyake.

"Kila jioni," akasema, "kila jioni nimekanda mmoja. Mwenzie sikumwona."

Ni kweli. Tangu siku ile niliyokataliwa, kila jioni alikuwa akipasha samli kwenye kifuniko cha sufuria, ananikalisha kati ya magoti yake, anauvuta ule mkono uliokunjika kidogo kidogo huku akinisimulia mambo ya mama alipokuwa msichana. Nilidhani bibi wote hufanya hivyo. Hakuniambia hata mara moja kwamba alikuwa ananikuza.

Jumatatu nikaanza shule, mrefu kuliko wote, dawati la nyuma. Jioni nikala, nikaenda kukaa kati ya magoti yake. Akanigusa mgongo.

"Inuka, mwanafunzi. Umeshafika."

Akaenda kufunga kuku. Samli ile ikaungiwa mboga, na hakunikanda tena.

Bibi alifariki nikiwa darasa la tano, mama mdogo akanileta hapa Nyasura. Shamba la mtama sasa ni mikaratusi ya mtu. Rafiki yangu yuko Musoma, tukikutana tunaulizana habari za shule tu, tunaishiwa maneno. Mimi niko kidato cha tatu, shule ya bweni. Matroni wetu anatwambia kila Ijumaa tujiamini, na mimi siku nyingi najiamini kweli. Darasani nanyoosha wa kushoto, naonekana, najibu. Lakini kuamini kwamba unaweza hakukuletei mtu wa kukaa naye jioni. Hilo sijamwambia matroni.

Likizo hii nilinunua samli kidogo sokoni Bunda. Nikaipasha, nikaukanda wa kulia kwa huu wa kushoto, kiwiko, kwapa, kote. Unafika kila mahali. Ila ni mkono wangu tu.