Filimbi ya Salongo

Jumamosi ile ya mwisho yenye amani, kaka yangu Murhula alikuwa amesimama ndani ya mtaro, maji machafu yakimfika magotini, akibishana na shefu wa avenue, yaani mtaa wetu.

Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya mikono ambayo serikali ya Zaïre iliwaamuru raia wote kuifanya bila malipo. Kwingi mjini Bukavu ilikuwa imekufa pamoja na nguvu za chama tawala. Kwetu Kasha, pembeni kabisa mwa Bagira, iliendelea kwa sababu Shefu alikuwa na filimbi. Alikuwa na jina lake, lakini sina haja ya kulitaja. Filimbi ilikuwa ya chuma, na aliirithi kutoka kwa baba yake, aliyekuwa shefu wa avenue kabla yake. Ilipolia, kila nyumba ilipaswa kutoa mtu mwenye jembe au ufagio. Nyumba iliyochelewa ilitembelewa na vijana wa Shefu, nao hawakuondoka mikono mitupu: walichukua kuku, au sufuria. Tulikuwa tumezoea hivyo tangu utoto, hata miguu yetu ilikuwa inafika barabarani kabla akili haijauliza kitu.

Murhula alisomea ualimu, na wiki ile alikuwa akijiandaa kwa mjadala wa vijana wa parokia. Swali lilikuwa hili: kiongozi huzaliwa, au hufanywa na shida? Yeye alikuwa amepewa upande wa shida, na alimnolea ulimi kila aliyepita karibu.

"Shefu," alisema akiinua uso kutoka mtaroni, "weye ulizaliwa na hii filimbi mu kinywa?"

Watu walicheka. Shefu alisimama ukingoni, viatu vyake vikiwa vimepakwa rangi vizuri.

"Mutoto, mi nilizaliwa na damu ya yule aliyeipuliza mbele yangu. Ile habasomee ku shule."

"Basi ile damu ishuke huku mu mutaro. Huku chini iko baridi."

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Shefu naye alitabasamu, kwa midomo tu.

Karibu na mtaro palikuwa na robine, bomba la pekee la avenue nzima, ambalo maji yake yalikuja yalipotaka. Pale alisimama Maman Nsimire, mjane aliyeuza makaa. Hakuna aliyempa kazi, ila yeye ndiye aliyezipanga bidoni, madumu yetu ya maji, kila siku. Bidoni ya mwenye mimba aliiweka mbele, ya mzee ikafuata, na ya mwenye kelele nyingi aliirudisha nyuma bila kusema neno. Tuliliona hilo kila siku, kwa hiyo hatukuliona.

"Na weye, Maman?" Murhula alimuuliza. "Kiongozi anazaliwa, ao shida njo inamufanya?"

"Mi sijue. Ondosha bidoni yako mu njia, huyu mwenye mimba apite."

Kaka yangu aliondosha bidoni, akicheka.

Vita vya waasi vilikuja kutoka upande wa Uvira. Kwanza vilikuwa habari za redio, halafu vikawa watu wenye magodoro vichwani, halafu vikawa mlio usioisha nyuma ya milima. Askari wa serikali, ambao serikali yao ilikuwa imesahau kuwalipa, hawakwenda kuupokea mlio ule. Walianza kujilipa kwetu. Walichukua mbuzi, kisha redio, kisha mabati ya paa la shule. Waliokuwa na bunduki za kutulinda walitumia nguvu zao zote kubeba vitu vyetu, na vitu vilipozidi mikono yao, walihitaji mikono mingine.

Asubuhi ile mabomu yalianguka upande wa Kadutu. Tulikuwa watatu ndani ya nyumba: mama, Murhula na mimi. Baba alikuwa amekufa zamani. Tulilala sakafuni, chini ya kitanda, tukinusa vumbi na pumzi zetu wenyewe.

Filimbi ikalia.

Murhula aliinua kichwa. "Shefu anatuita. Pengine amepata njia ya kutupitisha."

"Ngoja kwanza," mama alisema.

"Mama, kama kila mutu anangoja, nani ataanza?"

Alichukua jembe nyuma ya mlango.

Hadi leo hakuna anayeweza kuniambia jembe lilikuwa la nini, na mabomu yanaanguka. Filimbi ililia, naye akachukua jembe. Nilichungulia dirishani nikaona kwamba wanaume wote wa avenue wametoka hivyo hivyo, wengine na majembe, wengine na fagio, wakitembea haraka kama watu wanaoogopa kuchelewa.

Askari walikuwa wamesimama kando ya mtaro. Mbele yao kulikuwa na magunia, cherehani na friji iliyofungwa kamba.

Katikati yao alisimama Shefu, filimbi mdomoni.

Nilimtazama vizuri, na ninaandika nilichokiona. Hakuna bunduki iliyomwelekea. Mkono mmoja ulishika filimbi, na mwingine ulishika valizi ya nguo za mke wake.

Akapuliza tena. Wengine wakatoka.

Askari mmoja aliwaamuru waegemeze majembe ukutani. Wakayaegemeza. Wakaanza kutwikwa mizigo.

"Shefu," nilisikia sauti ya kaka yangu, "hii njo salongo gani?"

Shefu aliangalia viatu vyake.

Wakapelekwa kwa njia ya Kavumu, inayofuata ziwa kuelekea Kalehe. Shefu na watu wa nyumba yake walishuka ziwani, ambako boti yenye mota ilikuwa inawangoja kuwavusha hadi kisiwa cha Idjwi. Ndiyo yalikuwa mapatano yake na wale askari: yeye awape wanaume kwa upesi, wao wampe nafasi ndani ya boti waliyoinyang'anya. Sikuyasikia kwa adui yake. Aliyasema mwenyewe baadaye, kama mtu anayesimulia jinsi alivyokuwa na akili.

Mama alitoka mbio kuwafuata. Maman Nsimire alimkamata kiuno katikati ya barabara.

"Niache! Mutoto wangu iko mule!"

"Wangu pia iko mule," alisema Maman Nsimire.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa umri wa Murhula. Alimshika mama hadi mama akachoka kupigana, kisha akageuka kwa wanawake waliobaki milangoni. Hakupaza sauti.

"Tujipange kama ku robine."

Kila mtu alielewa. Wenye mimba waliingia katikati, wazee wakawafuata, na wenye nguvu wakajigawa mbele na nyuma, watoto wazito wakiwa mgongoni mwao. Tulipanda kupitia migombani kuelekea vilima vya Kabare. Njia kubwa aliikataa. Bunduki zote zilikuwa njia kubwa.

Mahali njia ndogo zinapoachana, mama aliketi chini. Kutoka pale mtu aliweza kuona barabara ya Kavumu, na vumbi juu yake.

Mstari mzima ukasimama.

"Simama," Maman Nsimire alimwambia. "Ukikaa, batakaa bote."

"Nani alikufanya shefu?"

"Hakuna. Simama hata hivyo."

Mama alisimama. Hakumsamehe kwa miezi mingi, na nadhani Maman Nsimire hakumngojea amsamehe. Tulifika kwenye shule ya wamisionari huko juu, tukalala chini ya madawati. Mvua ilinyesha juu yetu na watoto waliugua, lakini kila aliyeondoka Kasha ndani ya mstari ule alifika, na kila aliyefika alirudi.

Tuliporudi, mji ulikuwa na mabwana wengine. Majembe yalikuwa bado yameegemea ukuta ule, yameshika kutu ya mvua. Wake na mama walikuja mmoja mmoja kuchukua lao, kila mmoja akilijua kwa mpini. Mama alichukua la Murhula.

Papa Zihalirwa, jirani yetu fundi wa matofali, alirudi wakati tulipokuwa tumeanza kuzoea kutongoja. Nyayo zake zilikuwa vidonda vitupu. Aliketi kwetu, akakataa chakula mpaka amalize kusema.

Baada ya Kalehe, katika mpando wa mlima, mzee mmoja alianguka chini ya gunia lake. Askari walimpiga ainuke. Hakuinuka. Murhula akatua mzigo wake, akasema kwa upole kwamba gunia la mzee lifunguliwe na kila mtu abebe kidogo, hivyo wote wataendelea bila kuchelewa.

"Alisema vizuri sana, maman," Papa Zihalirwa alisema. "Kama mwalimu. Tukaanza kutua mizigo ili tugawe. Batu bote tulimuangalia yeye. Basoda nabo bakaona tunamuangalia yeye."

Walimpiga risasi pale pale. Wenzake waliruhusiwa kumfunika kwa majani ya mgomba, kisha wakaligawa gunia la mzee, kama alivyosema.

Kuhusu mtoto wa Maman Nsimire, hakuna aliyejua kitu. Alipotea usiku mmoja msituni, mbele zaidi. Maman Nsimire alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaomba aelezwe tena, akaenda zake.

Wakati wa matanga, kiongozi wa ule mjadala wa vijana alikuja kutufariji. Alisema Murhula alishinda mjadala wake kwa maisha yake: shida ilimfanya kiongozi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama akaniambia nimpe kijana yule maji ya kunywa.

Mimi sikukubali, na sikubali. Shida haikumfanya kaka yangu kitu chochote isipokuwa maiti. Mtu aliyetaka kugawa gunia kule mpandoni ndiye yule aliyeondosha bidoni ili mwenye mimba apite. Wanaosema vita huleta viongozi wahesabu basi na wale ambao vita huwaona wakianza tu kuongoza, na kuwaua kwa sababu hiyo hiyo. Walipomsifu Maman Nsimire, wakasema "vita imetuzalia mama", nilitaka kupiga kelele. Vita havikutuzalia mtu. Mwanamke yule alikuwa pale robineni miaka yote, akifanya mbele ya macho yetu kazi ile ile. Vita vilimnyang'anya mtoto wake, na sisi tukaviita mkunga.

Na Shefu? Alirudi kutoka Idjwi amenenepa. Mabwana wapya walitafuta mtu anayeijua avenue, naye alikuwa anaijua. Walipomsimika tena, alisema mbele yetu sote, "Uongozi iko mu damu." Hakuzaliwa shefu, wala hakufanywa na shida yoyote, maana shida zote alizikwepa. Alifanywa na filimbi na miguu yetu. Miguu ile ndiyo ilimtoa kaka yangu chini ya kitanda.

Jumamosi iliyofuata, filimbi ililia.

Watu walitoka. Nasema ukweli: walitoka, na majembe yao. Mama naye alitoka na jembe la Murhula, akapita katikati yao hadi mbele ya Shefu, akalinyoosha.

"Shefu, jembe ya Murhula njo hii. Ulimuitia kazi, akaiacha hapa ku ukuta. Ile kazi, imalize weye."

Shefu alilipokea kwa sababu mama aliliachia. Alitafuta kwa macho mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Aliliegemeza ukutani taratibu, mahali pale pale, akarudisha filimbi mdomoni na kupuliza. Hakuna aliyeingia mtaroni.

Tukasikia sauti ya Maman Nsimire kutoka robineni.

"Maji imefika."

Watu walimpa Shefu mgongo, wakaenda kuchukua bidoni zao.

Mama alilichukua jembe ukutani, akaingia nalo ndani. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba yetu aliyetoka kwa filimbi, ingawa Shefu alikufa akiwa shefu na mwanawe ndiye anayeipuliza leo. Jembe lingali nyuma ya mlango. Mpini wake umelainika mahali pawili, pale mikono ya Murhula ilipokuwa ikishika. Kwingine kote bado ni mti mkavu.