Siku Tumu Hakuinuka

Kabla mtoto wa kwanza hajaletwa, Tumu alikuwa ameshachoka. Mtu asikudanganye kwamba kulea watoto wa watu nyumbani kwako ni kukaa kitako tu. Alikuwa ameshadeki ukumbi wa chini, ameanika magodoro yaliyokojolewa jana, amechemsha uji, kisha amefungua leso kiunoni na kuvaa aproni ya buluu iliyodariziwa jina lake kifuani. Leso ndiyo aliyoizoea. Lakini kwenye semina ya walezi, kule Ganjoni, waliambiwa kuwa mzazi akimkuta mlezi na leso humwona yaya, akimkuta na aproni humwona mtaalamu. Tumu aliyashika yote ya semina ile, hata lile la kupokea simu kwa kusema, "Malezi ya Tumu, habari za asubuhi, nikusaidie vipi?" Mashoga zake wa mtaani wakawa wanampigia makusudi, wamsikie, wacheke.

Wacheke tu. Wao hawakuwa na kaka kama Kamaludin. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na Kamaludin alikuwa amesema wazi: Ramadhani ikiingia ukumbi ule haujapata watoto wa kueleweka, atampangisha muuza vinyago atie humo bidhaa zake. Tumu, mjane asiyejaaliwa mtoto, angerudi chumba cha juu kutazama dari. Watoto aliokuwa nao walikuwa wa majirani, wa kuletwa leo na kesho wasionekane. Aliyemtaka hasa ni mwanamke mmoja aitwaye Mercy, mfanyakazi wa ofisi ya mizigo, mwenye binti mdogo, Sheryl. Wenzake Mercy wa ofisini nao walikuwa na watoto, na wote walikuwa wakimngoja yeye atangulie.

Mercy alikuja Jumatatu, peke yake, kutazama. Na Tumu akaharibu, tena kwa wema wake mwenyewe.

Alimpokea kama mgeni. Kwao mtu akishavuka kizingiti, hata awe amekuja kusoma mita ya stima, haachwi akae mkono mtupu. Basi Tumu alimketisha kwenye kochi, akaingia jikoni. Viazi vya karai vya asubuhi vilikuwa vimepoa, akaona aibu, akakaanga vingine. Akakamua ndimu. Akasaga chatini ya nazi. Akapanga sinia, akaona bilauri ina ufa, akaenda kutafuta nyingine. Alipotoka, uso umejaa tabasamu, alimkuta Mercy amepiga magoti sakafuni na nguo zake za ofisini, akimtoa Huzaifa, mtoto wa jirani, kipande cha chaki mdomoni.

"Kingine ameshameza," Mercy alisema.

Tumu akabaki na sinia lake mikononi.

"Bi Tumu, usinielewe vibaya. Chakula hiki nakiona kitamu. Lakini mimi sikuja kula. Nimekuja kuona ni nani anayewatazama watoto, na muda wote huu nimewatazama mimi."

"Nipe siku nyingine, mama Sheryl. Moja tu."

Mercy aliitazama ile aproni, akatazama watoto, akapumua. "Alhamisi nitakuja naye. Na nakuomba, usiniletee hata maji."

Kwa mwanamke wa Mji wa Kale, hilo ni gumu kuliko kudeki nyumba ya ghorofa tatu. Lakini Tumu alijifunza. Jirani akipiga hodi kuomba kitunguu, alimjibu palepale alipokaa, "Ingia ujichukulie, mwenzio niko kazini." Jirani akajichukulia, akatoka amebinua midomo. Haikumshughulisha sana, jirani hununa leo, kesho akacheka.

Alhamisi Mercy alikuja na Sheryl, akaketi pembeni kwenye kiti cha plastiki, kimya kama msimamizi wa mtihani. Mambo yalikwenda vizuri kuliko Tumu alivyotarajia. Mtoto mchanga alikuwa amemlalia mapajani baada ya kulia asubuhi nzima, Huzaifa alikuwa mbele yake akilishwa uji, na Sheryl mwenyewe alikuwa ameshasogea kupanga vifuniko vya chupa na wenzake.

Mara hodi. Tumu aliijua sauti ile.

Alikuwa shangazi yake, Bi Nabiha, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bibi mwenye magoti mabovu, asiyetoka nyumbani kwake ila kwa harusi na mazishi. Leo alikuwa amejikongoja na mkongojo wake mpaka pale, pumzi juu juu, mkononi kibunda cha mkate wa sinia alioupika kwa ajili ya Tumu. Akasimama mlangoni, akingoja kupokewa kama anavyopokewa shangazi: mtoto wa ndugu ainuke, ambusu mkono, amvue buibui, amketishe, amletee maji.

Tumu akiinuka, mtoto mchanga ataamka, Huzaifa ataachwa na kijiko mdomoni, na Mercy yupo, amemkazia macho. Mshika mbili moja humponyoka, na Tumu aliijua itakayomponyoka kabla haijaponyoka.

"Shikamoo, shangazi," alisema, hakuinuka.

"Marahaba. Hu mzima weye? Yakuuma nini?"

"Sijambo, shangazi. Niwie radhi, niko kazini. Maji yamo mtungini, jitekee. Nikishamaliza watoto n'takuja kwako."

Bi Nabiha aliutazama ukumbi ule aliozaliwa ndani yake kana kwamba amekosea nyumba. "Kazini," alisema taratibu. "Mimi sikuja kazini. Nimekuja kwa mwana wa ndugu yangu." Akauweka mkate juu ya rafu ya viatu, akageuka. Mkongojo wake ulisikika kichochoroni kwa muda mrefu, kwa sababu alikwenda polepole.

Tumu akachota kijiko kingine cha uji.

Mercy alisimama, akampangusa Sheryl vidole. "Jumatatu nitamleta. Na wenzangu wawili watakupigia simu wiki hii hii."

"Ahsante sana. Karibu," Tumu alisema kwa ile sauti ya semina. Alichotaka ni kumpigia kelele, ingawa mwanamke wa watu hakuwa amekosa lolote.

Mtoto wa mwisho alipochukuliwa, alivua aproni, akajitanda, akaenda mbio kwa shangazi yake. Nyumba ile hajapata kuipigia hodi maishani. Huingia tu hadi jikoni, afunue vyungu, ajipakulie, huku akitukanwa kwamba amekonda na kwamba viatu vyake vimeleta mchanga.

Leo mlango ulikuwa umefungwa. Bi Nabiha alikuja kuufungua mwenyewe.

"Karibu, karibu ndani."

Akampeleka sebuleni, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe. Tumu alipotaka kwenda jikoni kumsaidia, aliambiwa, "Keti, mama, usijisumbue." Basi akaketi, akamsikiliza yule bibi na magoti yake akienda na kurudi: kwanza maji, kisha kahawa, kisha kisahani cha halua, kisha kitambaa cha kujifutia mikono.

"Shangazi, nisamehe. Yule mwanamke alikuwa yuwanitazama, na Kamaludin…"

"Hapana neno. Kazi yaendeleaje? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillahi. Kula halua."

Tumu alikula. Akateremshia kwa kahawa, akasema halua ni nzuri. Hakukaripiwa. Hakuambiwa amekonda. Alipoaga, shangazi yake alimsindikiza mpaka mlangoni, akajitengeneza ushungi vizuri kama anayeagana na mtu wa mbali.

"Ahsante kwa kuja," alisema. "Nyumba ni yenu, karibuni tena."