Seva Iliyokula Salamu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipomsikia jogoo wa Bungu nikiwa nimeketi ofisini Korogwe. Usicheke. Ninyi mliokua na simu mifukoni hamwezi kujua jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Bungu iko juu milimani, na mvua ikinyesha gari hupanda kwa kuomba Mungu. Mimi nilikuwa huku chini kwenye joto, juu ya kiti cha plastiki, na jogoo akawika ndani ya kompyuta. Baada yake Mzee Mhina, mtunza ghala wetu wa kule, akakohoa na kusema, "Hamjambo huko?" Nywele zilinisimama. Nilisema Subhanallah kwa sauti bila kujijua.

Nimesikia umepata kazi Handeni na umekabidhiwa seva ya mawasiliano ya ofisi, ndiyo maana nakuandikia mapema, kabla hujaharibu kama nilivyoharibu mimi. Ujana ninaokusimulia si wa umri. Nilikuwa nimepita miaka thelathini na nina watoto wawili, lakini katika kazi hiyo nilikuwa mtoto anayetambaa. Kabla ya hapo nilikuwa mpokea simu kwenye shamba la mkonge kule Ngombezi, kazi yangu kuchomeka waya kwenye ubao ili meneja asikilizane na karani. Kisha nikaajiriwa na Bi Nirmala, mama wa Kihindi aliyerithi biashara ya mazao kutoka kwa baba yake. Alikuwa na ofisi Korogwe mjini, ghala la iliki na maharage Bungu, na duka Chanika, pale Handeni.

Bi Nirmala alichoka kuendesha mambo kwa vikaratasi vya madereva. Simu za mkononi zilikuwepo mjini, lakini ghalani Bungu hazikushika. Basi akaleta fundi kutoka Dar es Salaam, akafunga madishi juu ya mabati na kuweka seva kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magunia. Akanigeukia akasema, "Hawa, wewe ulikuwa unaunganisha watu kwa waya. Sasa utawaunganisha kwa hii."

Nikuambie ilivyo, maana kuuliza si ujinga na huenda unaona haya kuuliza. Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Kwa umbo haina ajabu. Yetu ilikuwa kasha la chuma lenye feni inayovuma mchana kutwa. Ajabu iko kwenye programu iliyomo. Mtu wa Bungu akiandika ujumbe kwenda Chanika, hauendi moja kwa moja. Huja kwanza kwa seva, seva humtambua mwandishi kwa jina na nenosiri lake, huweka nakala, kisha humpelekea anayetakiwa. Kama hayupo, humtunzia mpaka arudi. Huonyesha pia nani yupo, kwa alama ya kijani pembeni ya jina lake. Na hufungua chumba cha mkutano, ambacho si chumba cha ukuta wala mlango, mkaingia watu wa miji mitatu na kila mmoja akamsikia mwenzake. Humo ndimo alimowika yule jogoo.

Wiki za mwanzo nilikuwa nikiingia chumba cha seva kama mtu anayeingia msikitini, nusura nivue viatu. Nilistaajabu kwamba maneno ya watu wote yanapita hapo, ya tajiri na ya mpagazi, na kasha lile haliyachoki. Ningeishia kwenye kustaajabu ningekuwa salama. Tatizo nikaanza kujiona fundi.

Unawajua watu wetu. Hakuna anayeanza na shida yake. Saa moja na nusu asubuhi Chanika waliandika, "Hamjambo Korogwe? Mmeamkaje?" Korogwe tukajibu. Bungu wakauliza habari za tangu jana, za watoto, za mvua. Chanika wakamwamkia Mzee Mhina, naye akamwitikia kila mmoja kwa jina lake, marahaba mwanangu, marahaba mjukuu wangu. Kabla mtu hajataja gunia moja la maharage, kioo kilikuwa kimejaa salamu, na njia ya Bungu ilikuwa nyembamba, ikiziba upesi kama mrija wa majani. Siku moja Bi Nirmala akaguna, "Hawa, mimi nataka kuona kazi. Kazi iko wapi humu?"

Alinung'unika tu, kama watu wanavyonung'unika. Mimi nikalichukua kama amri. Fundi alinionyesha kwamba seva huweza kupewa kanuni: ujumbe wa namna hii uupeleke hapa, wa namna ile uuweke kando. Nikakaa nikaandika. Ujumbe wowote unaoanza na shikamoo, hamjambo, habari, au assalaam aleikum, usiende kwa mtu. Utupwe kwenye kapu la pembeni. Sikumuuliza fundi, na wenzangu sikuwaambia. Asubuhi iliyofuata kioo kilikuwa cheupe, kazi tupu. Bi Nirmala akafurahi, akaniletea kashata kutoka kwao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mwanangu, na mimi nilisifiwa sana wiki ile. Hata sikujiuliza kwa nini vijana wa Chanika walianza kuandika kwa mkato kama watu waliogombana.

Siku ya tisa mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu juzi yake. Bakari, dereva wetu, jirani yangu wa zamani wa Ngombezi, alitakiwa kupanda Bungu kuchukua iliki, yeye na wapagazi wawili. Nilitazama kioo: hakuna neno kutoka Bungu, na alama ya Mzee Mhina ilikuwa ya kijani. Bakari akachungulia dirishani.

"Dada Hawa, mzee anasemaje? Njia inapitika?"

"Hajasema kitu. Yupo, namwona hapa. Kungekuwa na neno angesema."

Akaondoka saa tatu.

Saa sita Bi Nirmala alipita akauliza mbona Bungu kimya. Nikamwonyesha alama ya kijani. Akaitazama, akasema neno ambalo sijalisahau. "Hiyo inaniambia kompyuta yake imewaka. Mimi nimeuliza Mzee Mhina."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikaingia chumba cha seva nikafungua kapu, ambalo tangu niliweke sikuwahi kulifungua. Ndani mlikuwa na salamu zaidi ya mia, zimelundikana, hazijaitikiwa na mtu. Juu kabisa zilikuwa tatu za siku hiyo kutoka kwa Mzee Mhina.

Ya kwanza aliituma saa mbili kasoro. "Hamjambo wanangu. Habari za tangu jana, na watoto wameamkaje. Huku mvua haijakatika. Nimetoka kuangalia barabara. Pale kwenye kona kubwa udongo umeondoka chini, juu panaonekana pazima lakini ndani ni tupu. Msimruhusu Bakari kupanda."

Ya pili saa mbili na dakika ishirini. "Hamjambo? Mbona hamniitikii?"

Ya tatu ilikuwa fupi. "Assalaam aleikum. Sijaitikiwa. Nashuka mwenyewe."

Nilikaa chini sakafuni. Watu watatu walikuwa njiani kwenda kwenye shimo lililofunikwa kwa ngozi ya udongo, na mimi ndiye niliyewaambia hakuna neno. Mke wa Bakari nilimfahamu. Nilimsaidia kubeba maji alipokuwa mjamzito. Bi Nirmala alisimama mlangoni akasoma kioo juu ya kichwa changu, kisha akatoka mbio kumtuma mtu wa pikipiki. Aliporudi hakunigombeza. Alivuta gunia akaketi karibu yangu, na tangu saa sita na nusu hadi saa kumi tulikaa hivyo, feni ikivuma, mimi nikisoma dua zote ninazozijua na yeye akisoma za kwao. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Saa kumi na dakika chache tukasikia honi. Lori liliingia uani tupu, magurudumu yote mekundu kwa udongo. Wapagazi wawili waliruka kutoka nyuma, na Bakari akashuka upande mmoja. Upande wa pili aliteremka Mzee Mhina, kanzu imelowa, matope mpaka magotini, ameshika jani la mgomba alilojifunika kwa mvua. Bakari alisema kwa sauti isiyo yake, "Nimemkuta amesimama katikati ya barabara, kona moja kabla ya ile mbovu. Amekataa kuondoka mpaka nizime gari." Mzee alikuwa ameshuka kwa njia za miguu, kupitia mashamba ya watu, akalizunguka lile shimo akatokea chini yake. Alikuwa amepita miaka sabini.

Nilimwendea nikapiga magoti palepale kwenye matope. Nilitaka kusema yote kwa mara moja, kapu, kanuni, nisamehe. Akaninyanyulia kiganja. Nikaelewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu Hawa. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto hawajambo? Mama yako Ngombezi?"

"Hawajambo wote, mzee. Mama anakusalimia."

"Mvua huku mmepata?"

"Tumepata kidogo."

"Alhamdulillahi. Sasa sema, mwanangu, neno langu lilikwenda wapi?"

Nikamweleza huku nikilia. Alisikiliza mpaka mwisho, maji yakimdondoka kwenye ndevu. Nilingoja anitukane, na angekuwa na haki. Akasema polepole, akichagua maneno ya Kiswahili kama mtu aliyezoea Kishambaa nyumbani, "Ile kompyuta iliniandikia kwamba ujumbe umetumwa. Nikaona sawa, umetumwa. Siku zilizopita mliponinyamazia nilidhani mmezidiwa na kazi. Lakini leo nimeleta neno zito, nimesema hamjambo, na hakuna aliyesema hatujambo. Mtu ukimsalimu akaitika, unajua yupo na anakusikia. Asipoitika, hata kama taa yake inawaka, hayupo. Ndipo nikachukua fimbo yangu. Unadhani tunasalimiana kwa sababu hatuna kazi?"

Mwanangu, nilipigwa na butwaa kuliko siku ile ya jogoo. Mzee ambaye alibonyeza herufi kwa kidole kimoja, ambaye nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, alikuwa ameijua seva kuliko mimi niliyeitunza. Alijua kilicho chini ya seva zote duniani. Fundi aliporudi miezi miwili baadaye nikamsimulia, akaniambia kwamba hata mashine zenyewe hufanya hivyo: moja huita, nyingine huitika, ndipo mzigo unapopita, na usipoitikiwa unatumwa tena. Yaani kasha lile la chuma lilikuwa likisalimiana na wenzake usiku na mchana, na mimi nikawakataza watu.

Nikaifuta kanuni siku hiyohiyo kabla Mzee Mhina hajamaliza chai yake. Salamu za watu nikazifungulia chumba chake peke yake, na ujumbe wa hatari ukapewa njia yake inayopiga kengele mpaka mtu aitikie. Kila asubuhi nilifungua kapu kwa mkono wangu kabla ya kunywa chochote. Nilifanya hivyo miaka kumi na sita, hadi nilipostaafu. Bakari yu hai, ana wajukuu, na akiniona bado huniuliza njia inapitika? Namjibu aende akamuulize aliyeipita kwa miguu.

Basi shika haya, mwanangu. Programu uliyopewa wewe ina jina jingine na inaonyesha mpaka nyuso za watu, lakini kazi ni ileile. Ukiweka kanuni yoyote, ijaribu kwanza kwa ujumbe wako mwenyewe, na uwaambie watu umeiweka. Usitupe kitu ambacho hujakisoma, na usisome ambacho hakikuhusu. Mlinzi wa njia hapimi mzigo wa mpitaji. Weka nakala mahali pengine, maana umeme wa kwetu unaujua. Mkiwa mkutanoni na mtu wa mbali amenyamaza, mwite kwa jina lake mpaka asikike, kwa kuwa mara nyingi mwenye neno zito ndiye mwenye mtandao mbovu. Kutumwa si kufika, mwanangu. Kufika nako si kusikiwa. Na mzee akikuandikia salamu ndefu kabla ya shida yake, isome yote, umwitikie, halafu uulize shida. Nilichelewa kulijua hilo, na majuto ni mjukuu. Kwangu Mungu alimzuia mjukuu huyo mlangoni kwa miguu ya mzee mmoja. Wengine hawapati bahati hiyo.

Mzee Mhina ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nawe Mungu akulinde katika kazi yako, akupe subira na mikono myepesi ya kurekebisha unapokosea. Akuepushe na sifa zinazoziba masikio. Njia zako zipitike masika na kiangazi, na kila utakayemwita, wa karibu na wa mbali, akuitikie.