Mkia wa Mtumbwi wa Baba

Mwanangu, asubuhi ile ya Nyangwe, kijijini kwetu kando ya mto, naiona hadi leo, na kama ningerudishiwa ningesema hapana. Wakati ule sikusema. Nilikubali mtumbwi wa marehemu baba ukatwe mkia ili ubebe moteri mpya, injini ya kuusukuma majini.

Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa nimetoka sekondari juzijuzi tu, kichwa kimejaa Kifaransa na haraka. Mtumbwi ulikuwa wa mti mmoja. Baba aliuchonga pamoja na Mjomba Salumu, kaka yake mama. Baba alipofariki, mjomba ndiye aliyeuongoza, amesimama pale mkiani na kafi yake ndefu. Baadaye tulipata moteri ndogo, tukaifunga ubavuni. Mjomba aliivumilia. Ikimchosha kwa kelele, aliizima akapiga kafi.

Arusi yangu ilipokaribia, moteri ikagonga mwamba. Panga zake zikapinda, na chuma kinachozizungusha kikavunjika. Fundi wa Kasongo akaitazama, akasema itapona, ila chuma kingine lazima kije kwa treni mpaka Kindu. Arusi ingetangulia.

Mjomba hakuhangaika. "Mutoto wa dada, hii moteri haijakufa, iko mugonjwa tu. Bibi arusi tutamuvusha na kafi. Mama yako nilimuvusha na kafi, na hakukimbia!"

Lakini rafiki yangu Asumani alikuwa ameona nyingine dukani Kasongo, nyekundu, kubwa kuliko zote za pale mtoni. Mwenye duka alikuwa tayari kuichukua ile mbovu pamoja na mpunga wetu kama malipo.

"Wewe mutu wa masomo," Asumani akanicheka, "unataka bibi yako afike huku amesinzia?"

Jamani! Usiku ule sikulala. Nilikuwa naisikia ikinguruma kabla hata sijaigusa.

Shida ilikuwa moja. Kwa uzito wake, kama moteri ile ingefungwa ubavuni, mtumbwi ungelala upande. Ilitaka mkia ukatwe ubaki bapa, kisha upigiliwe ubao wa kuibeba. Mjomba alipoelezwa, aliuliza tu: "Na mimi nitasimama wapi?"

Nikamjibu, mwanangu, huku nacheka: "Utakaa katikati, mjomba, pamoja na wamama."

Asumani akashika msumeno.

Siwezi kukudanganya kwamba sikufurahi. Siku ya arusi, moteri iliponguruma, wavuvi waliinuka kwenye mitumbwi yao wakipunga mikono! Ngoma zinalia, vigelegele vinapaa, maji yanaturukia usoni, na Zaina, bibi arusi wangu, ameshika kilemba chake kwa mikono miwili anapiga kelele, "Zidisha! Zidisha!" Nami nikazidisha.

Tulipokaribia ng'ambo ya kwetu nikasikia mlio kama wa kuni kavu zikipasuliwa. Misumari ya ubao ilikuwa imeingia palepale mti ulipokatwa, na nguvu ya moteri ikaufungua ufa mpaka katikati. Ubao ukang'oka, moteri ikazama nao, maji yakaingia. Mjomba akapiga magoti katikati ya wamama, akatusukuma kwa kafi mpaka mchangani. Hakufa mtu. Zaina alishuka na nguo zimelowa, bado anacheka.

Mjomba hakunigombeza. Alipapasa ule ufa, akaniwekea kafi mkononi. "Leo nimekaa na wamama," akasema, akapanda kilima.

Kabla ya mvua kuanza alihamia kwa wanawe, Kabambare, kulima karanga mbali na mto. Nilimfuata kumwomba msamaha. Alinipokea vizuri, akanilisha, akaniuliza hali ya Zaina. Lakini kila nilipoutaja mtumbwi, alinirudisha kwenye karanga.

Basi, mwanangu, chombo chako kikiharibika, usianze kuuliza kipi kina nguvu zaidi. Uliza hicho kipya kinataka ukate nini, na ni nani amesimama hapo. Ukikuta kuna mtu, subiri chuma kije na treni, hata kama utaoa kwa kafi. Mungu akuvushe salama kila mto, akupe wazee wa kukuzuia, na akupe masikio ya kuwasikia wakingali karibu.

Mimi ile moteri nilipata kuitumia safari moja. Mtumbwi wa baba uligeuka kuni, na Mjomba Salumu alizikwa Kabambare bila kusafiri tena nami majini.