Mchana Ule Waliponiuliza Nikiwa Nimekabwa

Nilikuwa macho. Hilo ulishike kwanza, maana ungeniona ungedhani nimelala. Nilikuwa chali kwenye mkeka, chumba cha mbele cha nyumba yetu, jua la mchana limeingia mlangoni mpaka magotini kwangu, na wote nawaona. Mganga alikuwa amechuchumaa karibu na chetezo. Baba mdogo alikuwa kizingitini, ameshika lile gogo la kufungia mlango, amelikinga mbele ya bibi yangu asiingie. Jirani alikuwa nyuma yao, anachungulia begani kwa watu.

Mganga akaniinamia. "Mtoto atajibu mwenyewe. Kama bibi yako siye anayekukaba, sema siye. Ukinyamaza, tumeelewa."

Na mimi jinamizi lilikuwa limenikaba saa ile ile. Kifua kizito kama nimewekewa gunia la mahindi. Ulimi umo kinywani lakini si wangu. Nauamrisha mkono, mkono unalala tu. Bibi aliyaona macho yangu, akajua. Akasema taratibu, "Mnamwuliza mtu aliyebanwa. Niacheni nimguse kidole, halafu mumwulize mnayotaka."

Baba mdogo akasema, "Hicho kidole chako ndicho tunachokikataa."

Wakangoja. Kuku akaingia, akadonoa pembeni mwa mkeka, akatoka zake. Kuku alikuwa na uhuru kunishinda mimi. Nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na namna, na kunyamaza kwangu kukawa hukumu.

Yamepita mengi tangu hapo. Sasa nina wajukuu, naishi Korogwe mjini, na nilidhani yale nimeyazika. Mwaka huu baada ya mavuno nikapanda gari kwenda Handeni kwenye dua ya ukoo. Unajua dua hizi zilivyo: sufuria za pilau nje, wanawake wanamenya vitunguu tangu alfajiri, halafu wazee wanakaa kwenye majamvi na marehemu wanatajwa mmoja mmoja ili warehemiwe. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akitaja. Ana ndevu nyeupe sasa, anapishwa kila anapopita. Akamtaja babu. Akamtaja mama yake. Akamtaja hata yule binamu aliyekufa na ulevi. Bibi yangu hakumtaja.

Nikamfuata walipokuwa wananawa mikono. Nikamwambia, "Shikamoo baba mdogo. Bibi umemsahau." Akanitazama kama mtu anayetazama mvua inayomchelewesha. "Marahaba. Mambo ya zamani hayo, mwanangu. Nenda ukale, pilau linapoa."

Sikula. Ndiyo maana nakuandikia. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nivumilie nitakapopinda. Sababu ya kuishia hapo nayo utaiona.

Enzi zile kijiji chetu kilikuwa vumbi na miiba, na mimi nakikumbuka kama peponi. Baba na mama walikuwa Magoma wanakata mkonge, wakaniacha kwa bibi ili nisome. Asubuhi niliamshwa na sauti ya bibi akipuliza moto, kisha harufu ya uji wa muhogo. Nilifagia uwanja kwa ufagio wa vijiti, nikachora mistari iliyonyooka, na mbuzi wakaja kuiharibu kabla sijamaliza. Wamasai walipita na maziwa kwenye vibuyu, yana harufu ya moshi, bibi akabadilishana nao kwa mahindi. Jioni tulikula bada, ule ugali wetu mweusi wa muhogo, kwa mboga ya mchunga. Mchunga ni mchungu kweli. Bibi alikuwa akisema, "Kula mke mwenza, uchungu wa mboga unazoesha koo." Aliniita mke mwenza kwa utani, kama bibi wanavyowaita wajukuu wa kike.

Bibi alikuwa Mshambaa wa Kwashemshi. Aliolewa huku uwandani kwa Wazigua akiwa msichana, akazeekea huku, lakini watu hawakuacha kumwita "yule wa milimani". Alimzaa baba yangu. Baba mdogo alizaliwa na mke mwenza wake, mke mwenza wa kweli, ambaye alikufa mtoto bado ananyonya. Bibi ndiye aliyemchukua. Titi moja baba, titi moja baba mdogo. Hayo hakunisimulia yeye, waliyasimulia wanawake wa kisimani, na hakuna aliyeyabisha.

Babu alipokufa alimwachia bibi shamba la kando ya lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Handeni nzima ikikauka, shamba lile lilikuwa bado na mboga. Likumbuke shamba hilo.

Jinamizi lilianza kunijia baada ya ugonjwa wa homa. Nalala vizuri, halafu naamka kichwa peke yake. Macho yanaona paa, masikio yanasikia mbuzi wanacheua, mwili haupo. Halafu anakuja kitu, sikijui sura, kinakaa kifuani. Mara ya kwanza nilidhani nimekufa, na kilichonitisha si kufa, ni kwamba watanizika nikiwa nasikia.

Bibi aligundua kwa pumzi yangu. Hakupiga kelele wala hakunitikisa. Alikishika kidole changu kidogo cha mguu, akakikunja na kukinyoosha, huku akiniita jina langu polepole kama anaita kifaranga. Kidole kikaitika. Kisha mguu, kisha mimi. Akaniambia, "Mwili ni mbuzi mvivu. Ukivuta kamba ya shingo anagoma. Mguse sikio, anasimama mwenyewe." Aliniambia mama yake mzazi pia alikuwa hivyo, na aliishi mpaka akang'oka meno yote, kwa hiyo nisiogope.

Kuna na jingine. Nilikuwa natembea usingizini. Mimi sikumbuki, nasimuliwa. Naamka, natoka uani, nauendea mtwangio, naanza kutwanga. Kinu kitupu. Natwanga kwa mapigo sahihi kabisa, macho wazi, simjui mtu. Bibi alikuwa anatoka na kanga yake, anasimama pembeni, ananiacha nimalize, kisha ananishika mkono ananirudisha kitandani. Alisema mtu wa hivyo ukimshtua unamwumiza.

Sasa fikiria jirani, mwanamke wa nyumba ya pili, anasikia kinu kinatwangwa watu wote wamelala. Huku kwetu kila mtu anajua anayetwanga usiku ni mchawi, na anachotwanga si mahindi. Akachungulia uani kwetu, akamwona bibi amesimama na mtoto. Kesho yake akaja kuomba moto.

"Mama, ninyi wa milimani mnatwanga nini usiku?"

Bibi angeweza kumwambia ukweli. Lakini msichana anayetembea usingizini nani atamwoa? Alinificha. Akasema, "Natwanga maneno yako. Yakilainika nitakuletea bakuli."

Wakacheka wote wawili. Yule jirani aliondoka na moto wake, na utani ule akaupeleka nyumba kwa nyumba kama habari.

Halafu shuleni. Nilikabwa darasani, nimeinamia dawati baada ya kulima shamba la mwalimu tangu asubuhi. Mwalimu akaniita, nikamsikia, sikuinuka. Akanichapa fimbo mgongoni, nikazisikia zote, sikuinuka. Wenzangu wakaanza kulia, wakakimbia nje. Mwalimu yule alikuwa amesoma chuo. Akampelekea baba mdogo salamu kwamba mtoto huyu ana mashetani, asirudi mpaka ashughulikiwe, anatisha wenzake. Kwa hiyo mwalimu, popote ulipo, na wewe ni wa kwanza kwenye hesabu yangu. Jirani wa pili.

Baba mdogo akaleta mganga. Wakati ule waganga walizunguka vijiji wakikaribishwa kama wageni wa heshima, wakichinjiwa. Huyu alifikia kwa jirani, akala kwa jirani, na kila alichokuja kukiona kwetu alikuwa ameshaambiwa kwa jirani. Alinifunika blanketi juu ya chetezo, moshi wa majani makali, nikatoa jasho na machozi mpaka nikachoka. Akanichanja chale kwa wembe kifuani na kwenye viwiko. Kisha akauliza watu walioketi, "Mtoto akikabwa, nani humfungua?"

Wakasema, "Bibi yake."

"Mwingine akijaribu?"

"Hawezi. Ni bibi tu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa chakula anachokipenda. "Fundo hulifungua aliyelifunga."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na kosa lenyewe ni tamu, linaingia akilini. Mimi mwenyewe ningekuwa mgeni pale ningelikubali. Kila wema aliokuwa amenifanyia uligeuka ushahidi. Kidole, kinu, kanga yake uani, hata utani wake. Angeniacha nikabwe bila kunisaidia, angekuwa salama.

Kwa uchovu wa moshi nikalala palepale kwenye mkeka, chali, na nikilala chali huwa linakuja. Yaliyofuata nimekwisha kukueleza mwanzo.

Niliporudi mwilini bibi alikuwa hayupo mlangoni. Nikatoka nikiyumba, nikapiga kelele siye, siye, siye bibi. Jirani akanishika akasema, "Haya, mnaona, kaondoka tu mtoto kafunguka ulimi." Kila nilichosema kilikuwa upande wao. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwapo, mtu wa serikali, kazi yake kulinda raia. Alisema bibi aondoke kwa usalama wake mwenyewe. Wakampandisha kwenye lori la mbao linalopita Makuyuni, na kitita chake cha nguo, arudi Kwashemshi kwa kaka yake, mlimani kwao, akiwa mzee wa kutembelea fimbo. Alipokuwa anapanda hakulia wala hakulaani mtu. Alimwambia baba mdogo, "Mtoto asilale chali. Mlaze ubavu." Ndiyo maneno ya mchawi hayo.

Baba alipopata habari alikuja. Alikaa na mdogo wake chini, wakanywa chai, akarudi Magoma. Sijui waliongea nini. Baba alikuwa mtu mpole, na upole wa namna hiyo nao nimeuweka kwenye hesabu.

Mganga aliacha amri kwamba nilale nimefungiwa, nisije nikaitwa na bibi kwa njia ya usingizi. Wakanihamishia nyumbani kwa baba mdogo, kwenye stoo ya mahindi, mlango unafungwa kwa nje. Huko ndiko nilikojua maana ya kubanwa. Zamani mwili ulinifunga, lakini nje ya mwili palikuwa na mtu. Sasa mwili umefungwa, mlango umefungwa, na nje hakuna anayekuja. Nilikuwa nasikia panya juu ya magunia, namsikia mke wa baba mdogo anageuka kitandani, na kidole changu nakiomba kijikunje chenyewe. Wakati mwingine kilikubali. Wakati mwingine nilikaa mle ndani yangu mpaka adhana ya alfajiri. Nilitembea usingizini nikagonga mlango kwa uso, kovu la nyusi hili hapa. Shule hawakunirudisha tena. Nilikaa stoo ile mpaka nilipoota matiti, baba akaja kunichukua nikafanye kazi mkongeni.

Bibi alikufa Kwashemshi msimu wa masika, barabara imekatika. Habari zilitufikia akiwa amekwisha kuzikwa. Waliomzika walituambia kwamba alikuwa akiuliza kila mtu anayetoka uwandani kama mimi ninalala vizuri.

Hivi karibuni mume wangu alinilazimisha niende hospitali, kachoka kunishtua. Daktari, kijana mdogo, alinisikiliza, akasema, "Mama, hii inawapata watu wengi. Akili inatangulia kuamka, mwili unachelewa. Epuka uchovu, na usilale chali. Akikugusa mtu, inaachia." Alisema kwa urahisi kama anaelekeza njia ya sokoni. Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikavua kiatu, nikakikunja kidole changu kidogo cha mguu na kukinyoosha.

Kinu hakipo tena. Nyumba ilibomolewa, pamebaki msingi na mwarobaini. Bada siku hizi vijana hawaitaki, wanaona haya kula ugali mweusi. Palipokuwa na stoo wamejenga choo. Lakini shamba la lambo lipo. Mwaka ule ule bibi alioondoka baba mdogo alililima, na analilima mpaka leo, na lile pilau la dua, vitunguu vyake na nyanya zake, vilitoka pale.

Mganga amekufa, sina cha kumwuliza. Jirani amepooza, hasemi, na sitamdhihaki, najua anakaa wapi mle ndani. Mwenyekiti alihamia kwa wanawe. Amebaki mtu mmoja, ana nguvu zake na ulimi wake ni mzima.

Baba mdogo, dua ya mwaka kesho nitakuja, na sitakuja kumenya vitunguu. Nitakaa mbele, na utamtaja bibi kwa jina lake lote, sauti ile ile uliyomtajia mama yako. Kisha wanao wakiwa wanasikia, utajibu swali moja tu, na wewe hakuna kitu kilichokukalia kifuani: yule mwanamke ulimnyonya, ukala chakula chake, ukalala mgongoni mwake. Ulianza lini kumwogopa? Kabla babu hajamwachia lile shamba, au baada?